Mkono wa Ham: jinsi Tove Jansson alivyomchora mama yake

Ukimuuliza msomaji yeyote wa hadithi za Moomin kwamba Mama Moomin ni nani hasa, hatasita kukujibu: ni Ham, mama mzazi wa Tove Jansson, mwandishi na mchoraji wa Ufini aliyezitunga hadithi hizo. Tove mwenyewe hakulikana, na walioandika maisha yake wamelirudia. Michoro nayo inashawishi. Yule kiumbe mweupe wa mviringo, aproni yenye mistari kiunoni, mkoba mweusi mkononi, na ndani ya mkoba soksi kavu, peremende, kamba na dawa ya tumbo. Mama ambaye mlango wake haufungwi, anayeongeza sahani mezani kabla hajauliza mgeni ametokea wapi.

Ninachora ili nile, na familia ile nimekuwa nikiirudia tangu nilipoianza kazi hii. Kadiri ninavyoirudia ndivyo jibu hilo linavyozidi kunitia shaka. Uongo si uongo, ila limemwacha mtu nusu. Ham halisi, Signe Hammarsten-Jansson, alikuwa mchoraji. Alichora mchana, akachora usiku watoto wamelala, akachora ili kodi ilipwe na chungu kiinjikwe. Mama Moomin wa vitabu vya mwanzo hachori. Anapika jamu, anatunza waridi, anawafunika watu blanketi. Kwa binti aliyekulia ubavuni mwa meza ya kuchorea, kumchora mama yake akiwa hana kalamu mkononi ni uamuzi mzito. Uamuzi huo alikuja kuubadilisha, na ilimchukua miaka 20.

Signe alizaliwa Uswidi mwaka 1882, mtoto wa mchungaji wa kanisa. Alisomea uchoraji Stockholm, akafundisha somo hilohilo katika shule ya wasichana, na alikuwa miongoni mwa wanawake walioanzisha skauti wa kike nchini mwao. Wanaomkumbuka wakati huo wanamtaja akiwa juu ya farasi. Alikwenda Paris kujiendeleza, na huko akakutana na Viktor Jansson, mchonga sanamu kutoka Ufini. Walioana mwaka 1913, akamfuata mumewe Helsinki, mji ambao hakuwa na ndugu. Tove akazaliwa tarehe 9 Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Per Olov alifuata mwaka 1920, na Lars mwaka 1926.

Wasanii wawili chini ya paa moja, basi swali la kwanza ni nani analeta pesa. Sanamu ni kazi ya kungoja. Leo unapata tenda ya mnara wa ukumbusho, kisha miezi inapita kimya. Pesa ya uhakika katika nyumba ile ilitoka kwenye mkono wa Ham. Kuanzia miaka ya 1920 alifanya kazi katika kiwanda cha Benki ya Ufini cha kuchapa noti. Alichora majalada ya vitabu. Alichora vikaragosi vya magazeti. Kisha zikaja stempu, na hizo alizibuni kwa zaidi ya miaka 30, hata barua iliyotoka Ufini katika kipindi hicho ilikuwa rahisi kuondoka na mchoro wake umebandikwa pembeni. Watu waliulamba mgongo wa kazi yake bila kujua jina lake.

Naomba nikae kidogo kwenye stempu. Mchoro wa stempu huchorwa mkubwa, kisha hupunguzwa mpaka uenee kwenye ncha ya kidole gumba. Kwa hiyo unapochora, unachora ukiwa tayari unauona ukiwa mdogo. Mistari miwili iliyosogeleana mno itaungana na kuwa doa. Mstari wa mapambo tu, usio na kazi, utachafua vingine. Hakuna mahali pa kujificha. Mtu anayefanya kazi hiyo mwaka hadi mwaka anapata nidhamu ambayo hakuna chuo kinachoifundisha vizuri kuliko meza yenyewe, na mtoto anayekaa karibu na meza hiyo anainywa bila kuambiwa. Mtazame Moomin: mstari mmoja wa tumbo, mstari mmoja wa pua, nukta mbili za macho, na mdomo hakuna kabisa. Furaha yake na hofu yake zote zinatoka kwenye umbali kati ya nyusi na jicho. Mimi nikimwona namwona mtoto wa mchora stempu.

Katika kitabu cha kumbukumbu za utotoni alichokitoa mwaka 1968, Tove anasimulia majira fulani ya baridi ambayo yeye na mama yake walikaa peke yao katika nyumba kubwa ya kigeni. Theluji inaanguka mpaka inafunika madirisha. Mama anachora. Mtoto anaona raha isiyo na kifani, kwa sababu sasa hakuna awezaye kuingia wala kutoka, ni wao wawili tu ndani ya dunia nyeupe, kama dubu waliojifungia kulala msimu mzima. Halafu watu wanakuja na masepetu kuichota theluji, na mtoto anakasirika. Nimekisoma kisa kile mara nyingi kuliko vingine vyote katika kitabu hicho. Jambo linalonishika ni kwamba mama haachi kuchora ili acheze na mtoto. Upendo wote ule unapita wakati yuko kazini. Mtoto hadai kalamu ile iwekwe chini. Anadai dunia nyingine ndiyo ikae mbali.

Tove aliacha shule akiwa na miaka 16 na kwenda Stockholm, kwenye chuo kilekile alichosoma mama yake, akaishi kwa mjomba wake Einar, ndugu wa Ham. Huyo ndiye mjomba aliyemtishia kwamba nyuma ya jiko kunaishi kiumbe anayewapumulia shingoni watoto wanaodokoa chakula usiku. Jina la kiumbe huyo lilikuwa Moomintroll. Kwa hiyo hata jina lilipatikana upande wa mama.

Wakati huo alikuwa tayari ameshaingia kwenye kazi ya mama. Kulikuwa na jarida la tashtiti lililotoka kwa Kiswidi mjini Helsinki, likiitwa Garm, lililoanza mwaka 1923. Ham alilichorea tangu mwanzo. Mwaka 1929, Tove akiwa na miaka 15, mchoro wake wa kwanza ukatoka humo. Mama na binti wakawa wanachora kwenye kurasa za jarida moja, mmoja akitia sahihi ya Ham, mwingine akitia ya Tove. Sisi tunaofanya kazi hii tunajua maana ya jambo hilo. Mama hakumwombea binti yake nafasi ya kusoma tu. Alimwachia kiti kando yake mbele ya mhariri mmoja, kwa tarehe ileile ya mwisho. Tove aliendelea na Garm mpaka lilipofungwa mwaka 1953, na alikuwa amelichorea karibu vikaragosi 500 na majalada 100.

Naye Tove hakuwa mwoga. Oktoba 1938 jalada la Garm lilimwonyesha Hitler kama mtoto mchanga anayelia akidai keki zaidi, na viongozi wa Ulaya wakihangaika kumletea. Wakati huo nchi nyingi zilikuwa bado zinachagua maneno ya adabu. Nyumbani kwao mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu Viktor alikuwa amepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ufini mwaka 1918 upande wa Weupe, mahasimu wa Wekundu wa kisoshalisti, na katika miaka ya vita hivi vipya huruma zake zilielemea upande wa Wajerumani. Binti alikuwa akigombana na baba mezani, kisha anarudi kwenye kalamu. Na katikati amekaa Ham.

Mwaka 1942 Tove aliichora familia nzima kwa rangi za mafuta. Hiyo ndiyo picha ambayo ningependa watu waanze nayo kabla ya Moomin. Per Olov amevaa sare ya jeshi, maana alikuwa vitani. Yeye na Lars wana ubao wa sataranji mbele yao, kete nyekundu na nyeupe. Tove mwenyewe yuko katikati, amevaa nguo nyeusi na kofia nyeusi, kama mtu anayeondoka au aliyefika sasa hivi na bado hajaamua kuketi. Wazazi nao wamo, kila mmoja na mawazo yake. Macho ya watu wale hayakutani. Familia iliyoshonana kiasi kile, kila mmoja anatazama kwake. Mwaka huohuo alihama nyumbani.

Mwaka uliofuata, kwenye kona za michoro yake ya Garm, pembeni ya sahihi, kikaanza kuonekana kidude chembamba chenye pua ndefu na uso wa hasira. Huyo ndiye Moomin wa kwanza ambaye umma ulimwona. Mtu mzima wa karibu miaka 30, vita inaendelea, kaka yuko mstari wa mbele, na ubavuni mwa jina lake anaweka kiumbe wa jikoni kwa mjomba.

Kitabu cha kwanza cha Moomin kilitoka mwaka 1945. Msomaji anayekifungua akitegemea bonde la amani anashtuka. Ni mama na mtoto wanatembea msituni, kuna giza, hawana nyumba, na baba amepotea hajulikani alipo. Ulaya nzima ilikuwa na wanawake wa namna hiyo barabarani mwaka ule. Mama Moomin amezaliwa akiwa mkimbizi, na tumesahau.

Miaka mitatu baadaye, katika kitabu cha 1948, kuna tukio ambalo kwangu ndilo picha kamili ya kwanza ya Tove na Ham pamoja. Moomintroll, mwana wa Mama Moomin, anajificha ndani ya kofia ya kichawi bila kujua ni ya kichawi, na anapotoka amegeuka: mwembamba, masikio makubwa, macho yamemtoka kama sahani. Marafiki hawamtambui. Wanamwita mwongo, wanampiga. Anamkimbilia mama yake. Mama anamwinamia, anayatazama yale macho yenye hofu kwa muda mrefu, kisha anamwambia kwa upole kwamba ndiyo, ni yeye, ni Moomintroll wake. Hapohapo umbo lake linarudi.

Nimeliona tukio hili likisifiwa kuwa ni mfano wa upendo wa mama, na ni kweli. Ila mchoraji ataona kitu kingine ndani yake. Anachokifanya mama pale ni kazi ya mchoraji wa sura. Anatazama kwa muda mrefu. Anayapita masikio, anapita urefu, anapita kila kilichobadilika, mpaka anafika kwenye kile kisichobadilika. Mama Moomin hana kalamu, lakini jicho alilopewa pale ni jicho la Ham.

Hapa sina budi kumtaja mama yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya niione kona hii. Mama ni fundi cherehani. Watu hudhani fundi hushona tu. Kabla mkasi haujagusa kitambaa kuna mchoro, na mchoro huo huishia tumboni mwa nguo, hakuna atakayeuona tena. Chaki yake ni bapa, ameinoa kwa wembe mpaka ukingo umekuwa mwembamba kama ukucha. Anatandaza kitambaa, anakipapasa kwa kiganja mpaka kilale, anashusha futi shingoni, anapima bega, anapima kifua, anaweka nukta. Kisha linakuja kwapa. Nukta mbili zipo, moja juu na moja chini, lakini mkunjo ulioko kati yake haupimwi kwa futi. Anauvuta kwa mkono mtupu, mara moja, pumzi imesimama, chaki haiinuki. Vumbi jeupe linabaki kwenye upande wa kidole chake cha shahada. Nilipokuwa mtoto nilikaa pale kwenye ukingo wa meza nikiutazama mkunjo ule, na leo nikivuta mstari wa shavu la mtu najua kabisa nimeutoa wapi.

Niliwahi kusikia mtu akisema kwamba nimepata kipaji kutoka kwa Mungu, na mama alikuwepo. Alinyamaza. Namshukuru Mungu, lakini kuna mtu aliyepitia katikati.

Nirudi kwa Tove. Mwaka 1954 gazeti la Evening News la London lilianza kuchapisha katuni za Moomin za mfululizo, vipande sita kwa wiki, kwa mkataba wa miaka saba. Katuni zile zilikuja kusambaa kwenye magazeti ya nchi nyingi na kumfanya Tove kuwa mtu anayejulikana duniani. Mwaka huohuo wa 1954 kilitoka kitabu kinachoanza na Mama Moomin ameketi ngazini akiunda merikebu ndogo ya gome la mti. Mikono imeanza kupata kazi.

Maisha ya mfululizo si mchezo. Kichekesho leo, kichekesho kesho, posta inasubiri, na mkataba hauulizi kama umelala. Alianza kwa furaha na akamaliza amechoka kabisa, hata akafikia kuwachukia viumbe wake mwenyewe. Mkataba ulipokwisha alikataa kuurudia. Mdogo wake Lars akaishika katuni ile mpaka mwaka 1975. Nina hakika kwamba miaka ile ndiyo iliyomfundisha Tove mama yake ni nani. Mtoto humwona mama akichora na kuona theluji na utulivu. Mtu mzima mwenye tarehe ya kuwasilisha kila siku anajua jinsi bega linavyouma, na anajua kuna michoro mingine, ile yako ya moyoni, unayoiahirisha mwaka hadi mwaka. Ham aliahirisha ya kwake maisha mazima.

Viktor alifariki mwaka 1958. Ham alikuwa na miaka 76. Kuanzia hapo alikuwa karibu zaidi na watoto, na kiangazi alikwenda visiwani pamoja na Tove na mwenza wake, msanii Tuulikki Pietilä. Walijenga kibanda katika kisiwa cha Klovharun, mwamba mtupu katikati ya bahari, chumba kimoja chenye madirisha yanayoangalia pande zote nne. Wanawake watatu, wote wachoraji, katika chumba kimoja. Mapenzi yalikuwepo na kubanana kulikuwepo. Lazima iwe hivyo.

Kisha mwaka 1965 kikatoka kitabu cha mnara wa taa, na hapo ndipo Mama Moomin anashika brashi.

Baba Moomin ameamua familia ihamie kisiwani. Anataka yeye ndiye awe mlinzi, awashe taa, aamue kila kitu. Mama anaondoka kwenye bustani yake na kufika kwenye jabali ambalo halioti kitu. Anakusanya magugu ya bahari apate udongo, bahari inayachukua. Anakata kuni kwa msumeno, kuni nyingi kuliko zinavyohitajika. Hana la kufanya, na nyumba imejaa watu wanaompenda. Mwishowe anachukua rangi na kuanza kupaka maua kwenye ukuta wa ndani wa mnara. Maua, kisha mti wa tofaa, kisha veranda, kisha bonde zima aliloliacha. Siku moja hamu ya nyumbani inamzidi, anaukumbatia mti ule wa rangi, na anaingia ndani ya picha. Familia inarudi, inamtafuta, inamwita. Yeye anawaona kutoka nyuma ya mti. Wao hawamwoni.

Nilipoufikia ukurasa huo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje. Ham yupo hapo. Mama anayechora yupo ndani ya nyumba moja na watoto wake, anasikia sauti zao, lakini yuko mahali ambapo hawezi kufuatwa. Binti aliyekaa kando ya meza ile katika majira ya theluji aliamini kwamba wako wawili ndani. Miaka mingi baadaye anaandika kwa ujasiri kwamba huenda mama alikuwa ndani peke yake, na kwamba alihitaji kuwa peke yake, na kwamba hilo halikupunguza upendo hata chembe. Wakosoaji huzungumzia sana upweke wa Baba Moomin katika kitabu hicho. Wapo sahihi, lakini mimi naona baba anapewa nafasi isiyo yake. Ukuta ule ndio moyo wa kitabu. Baadaye, Mama anapokuwa hana tena hamu ya nyumbani, anajaribu kuingia na hawezi. Anakuta ukuta tu. Mchoro umemaliza kazi yake.

Ham alifariki mwaka 1970, akiwa na miaka 88. Mwaka huohuo kikatoka kitabu cha mwisho cha Moomin, cha mwezi wa Novemba, ambamo familia haipo. Wageni wanafika bondeni, kila mmoja na haja yake, wanakuta nyumba tupu. Mdogo kati yao, Toft, anamtaka Mama tu. Hajawahi kumwona. Amejitungia picha yake kichwani, na kila siku picha inazidi kuwa kubwa, laini, nyororo, mpaka mwisho imekuwa kama puto kubwa la upole lisilo na sura. Kisha anaingia kwenye msitu mbaya ulioko nyuma ya nyumba, ule ambao wenyewe hupita wakiwa wamekasirika, na anaelewa kwamba Mama naye aliupita. Mama huchoka. Mama hukasirika, hutaka aachwe. Picha aliyokuwa ameibeba inabomoka, na sasa kwa mara ya kwanza anataka kukutana na mtu mwenyewe, ajue anahuzunishwa na nini na kama kuna la kumsaidia.

Hakuna mwalimu wa kuchora aliyeniambia kwa uwazi namna hiyo kosa la kuchora mama ni lipi. Upendo unapozidi, mstari unakuwa laini, makunyanzi yanaondolewa, kidevu kinainuliwa, na mwishoni unabaki na puto. Tove alikuwa amelichora puto hilo mwenyewe, likauzwa kwenye vikombe na mashuka dunia nzima. Na katika mwaka wa msiba alikuwa na nguvu ya kulitoboa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, Ham alirudi kwa umbo la binadamu, katika kitabu kisicho cha Moomin. Ni bibi kizee kisiwani na mjukuu wake Sophia, jina alilochukua kwa binti wa Lars. Bibi huyu anapoteza meno yake ya bandia kwenye maua. Anavuta sigara kwa siri. Anasema uongo pale uongo unapofaa, anagombana na mtoto kama watu wazima wawili, anakasirika, anapatwa na kizunguzungu na hataki kuulizwa. Na anachonga. Anaketi kwenye kijisitu cha miti iliyokauka na kutoa kwenye mbao wanyama wa ajabu, peke yake, bila kumwambia mtu ni vya nini. Mikono imerudi yote, na safari hii hailipwi na benki yoyote wala haisubiriwi na mhariri. Mimi kati ya picha zote za Ham naichagua hii.

Ndiyo maana nilipoamua kuchora picha ya mama yangu na mimi katika karatasi moja, sikutaka zile pozi za sebuleni. Nilimfuata kazini.

"Mama, nataka nikuchore."

"Nimevaa hivi?"

"Hivyohivyo."

"Na futi shingoni?"

"Na futi shingoni."

Akafikiri kidogo, akafungua saraka. "Basi ngoja nivae miwani. Bila miwani sishoni, watu wataniona nimekaa tu."

Akaivaa, akavuta kitambaa, akaendelea na kazi yake bila kunitazama. Nilichora bega lililoinama upande wa kulia. Nilichora ule mkunjo wa hasira kati ya nyusi, ambao si hasira, ni uzi unaotafutwa kwenye tundu la sindano. Nilichora chaki. Kidole cha shahada nikakiacha cheupe, karatasi tupu, kwa sababu ya vumbi. Baada ya muda akaja kusimama nyuma yangu, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Huyu ni mimi," akasema. "Na wewe uko wapi, mwanangu? Si ulisema ni ya wote wawili?"

"Hapa, upande wa pili wa meza. Bado sijajichora."

"Jichore na kalamu yako. Na uweke taa, mbona umenikalisha gizani?"

Taa nimeiweka upande wake wa kushoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie kwenye mstari wa chaki. Upande wangu ndio ninaoushughulikia sasa.